Matawi ya Rangi

"Amepunguza! Baba amepunguza! Jamani, njooni muone, Baba amepunguza!"

Huyo ni Nankondo Shekalaghe, injinia mzima mwenye shahada mbili na miwani, anarukaruka juu ya benchi ndani ya kibanda cha kupimia pale Kona ya Kwembalazi. Chai imemmwagikia kwenye sketi na wala hana habari. Chini yetu, lori la kabichi lililokuwa linateremka kama limeibiwa lilikuwa limeinamisha pua, taa za breki zimewaka nyekundu, linapita kwenye kona polepole utafikiri limebeba mayai. Mbele limeandikwa TUTAFIKA. Na anayeliendesha, Mzee Shekalaghe, ambaye mlima mzima unamwita Mzee Kabichi, hakuwahi kupunguzia mwendo kitu chochote kilichochorwa kwenye lami tangu lami ilipofika Usambara.

Siku ile alipunguza. Alipunguzia picha!

Ngoja nikuanzie nyuma kidogo, maana nikikimbilia mbele utanipoteza.

Unajua kule tambarare siku hizi hakuna anayeshika usukani. Unapanda gari-jiongozi Dar, unajifunika shuka, unalala. Lakini likifika Mombo, chini ya mlima wetu, linasimama pembeni na kukuamsha kwa ile sauti yake ya adabu: "Mlima huu. Pokea usukani, tafadhali." Wataalamu wanasema ukungu wetu na maporomoko yetu vinazidi uwezo wa macho ya gari. Sisi tunasema linaogopa. Vyovyote iwavyo, kuanzia Mombo mpaka Lushoto kila mtu ni dereva wa mkono, na wengi wao wameshika usukani huku macho bado yana usingizi wa Chalinze. Wenye malori ya mboga ndio madereva hasa, lakini nao wana ugonjwa wao: wanateremka na soko kichwani.

Sasa Kwembalazi ni kona ndumilakuwili. Ukiitazama kutoka juu inaonekana pana, pole, ya kistaarabu. Ukishaingia katikati, inakaza. Nankondo alinieleza siku yangu ya kwanza kazini, akiwa amepinda waya mezani. Alisema jicho la mtu aliye ndani ya gari liko chini, karibu na lami, kwa hiyo mviringo wa mbele unamfikia umelazwa, unaonekana umenyooka kuliko ulivyo. Akaniinamisha kichwa mpaka shavu likagusa meza, akaniuliza, "Unaona kona?" Nikasema naona waya karibu umenyooka. Akasema, "Basi hapo ndipo watu wanapofia."

Ndiyo maana akabuni rangi-hai.

Yaani ukiiona kwenye ndoo utadhani ni uji wa ulezi. Kumbe ndani yake kuna chembe ndogo kuliko unga, na kila chembe inasikia amri. Ikiambiwa iwe nyeusi inakuwa lami, ikiambiwa iwe nyeupe inakuwa mstari. Pale juu ya mlingoti kuna jicho-kona, linaliona gari likiwa bado mbali na kupima mwendo wake. Linampa habari ubongo-kona uliomo kibandani, na huo unaiambia rangi nini cha kumchorea dereva huyo mmoja, saa hiyohiyo. Akipita, picha inafutika. Anayefuata anachorewa yake.

Mwanzoni Nankondo alichora michirizi inayokata barabara, mbali mbali mwanzo, halafu karibu karibu kadiri unavyoikaribia kona. Dereva akipita juu yake anahisi anakimbia zaidi, hata kama mwendo ni uleule. Mguu unaachia mafuta kabla kichwa hakijauliza kwa nini. (Tunasema mafuta bado, ingawa malori yote yana betri. Ulimi haujapata habari.)

Ilifanya kazi vizuri sana, tukapiga picha, tukala keki. Halafu watu wakaizoea. Unasikia kijana anamwambia mwenzake kwenye redio-mlima, "Ah, hiyo ni michirizi tu ya da' Nankondo, haina neno." Gari la mapeasi likabaki linaning'inia kwenye chuma cha pembeni, magurudumu ya mbele yanazunguka hewani, dereva anamwita mama yake. Na Mzee Kabichi? Huyo hakuwahi hata kuizoea, maana kwanza hakuwahi kuitazama. Alikuwa anapita pale na kupiga honi kumsalimia binti yake, tena kwa mwendo ambao ubongo-kona ulikuwa unauandika kwa rangi nyekundu. Nankondo alikuwa anafumba macho kila siku ya soko mpaka aisikie honi ya pili, ile ya chini ya kona, inayosema nimepita.

Hilo ndilo lilikuwa linamla. Alikuwa na rangi inayosikia kila amri na baba asiyesikia hata moja.

Siku moja basi la abiria likafa juu kidogo ya kibanda chetu. Dereva wake akashuka na panga, akakata matawi ya mkaratusi, akayapanga kwenye lami kutoka mbali kuja kwake. Kawaida tu, wewe mwenyewe umeona mara ngapi. Zile pembetatu za plastiki za kisheria zinakaa chini ya kiti na kuuzwa zikiwa mpya na gari likiwa kuukuu. Tawi ndilo linaloaminika. Hakuna darasa linalofundisha, lakini kila mtu wa mlimani akiona tawi kwenye lami anajua: mbele kuna mwenzangu amekwama.

Nankondo akatazama kwenye kioo cha ubongo-kona jinsi kila gari lilivyofika pale. Mwendo ulianguka puu. Waliosinzia waliamka. Waliokuwa wanabishana walinyamaza. Akatoka nje, akaokota tawi moja, akaliweka mezani, akalitazama kama mtu aliyetongozwa.

"Mdogo wangu," akaniambia, "tumekuwa tunaandika barua kwa lugha isiyo yao."

Akalipiga picha kila upande. Akaifundisha rangi kivuli, kijani kilicholowa umande, hata majani yanavyotetemeka gari likipita kando. Na asubuhi tulipoyawasha matawi kwa mara ya kwanza, gari la kwanza kabisa kutokea lilikuwa Tutafika. Ndiyo hayo makelele ya benchi niliyoanza nayo.

Mchana tukaenda kwao kula. Mama Nankondo alikuwa amepika makande. Mzee akaingia, akatupa kofia kwenye kiti, amekasirika kweli.

"Mke wangu, leo nimekutana na mpumbavu."

"Ulijitazama kwenye kioo?" mama akauliza, hata hakugeuka.

"Sikiliza kwanza! Mtu kaweka matawi pale Kwembalazi. Mabichi, mazuri, yamepangwa na mtu anayejua kazi. Nimepunguza, nimefungua dirisha, nimeshatafuta na kamba ya kumvutia. Hakuna gari! Hakuna mtu! Kaondoka kaacha matawi yake barabarani. Sasa huo ni uungwana?"

Nankondo alikuwa ameziba mdomo na ncha ya khanga ya mama yake, mabega yanacheza.

"Baba, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Matawi. Nimeyachora mimi. Ni rangi."

Mzee akaweka kijiko chini. Akamtazama binti yake. Akanitazama mimi, nikaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli.

"Yaani mimi," akasema polepole, "nimefungia breki picha?"

"Umefungia breki picha."

"Na dirisha nimelifungulia picha."

"Na kamba umeitafutia picha," mama akamalizia.

Alicheka yule mzee mpaka akakohoa, mpaka mama akampiga mgongoni. Na kuanzia siku hiyo ndiye aliyekuwa mtangazaji wetu. Kila kijiwe cha madereva kuanzia Soni mpaka Mombo kikajua kwamba binti yake ameandika kwa lugha yao barabarani. Alikuwa anawaambia na wasiouliza. Na yeye mwenyewe, unajua tena, alikuwa anapunguza. Eti kwa heshima. "Siwezi kukanyaga kazi ya mwanangu nikiwa nakimbia," akasema.

Kona ikatulia. Chuma cha pembeni kikaanza kuota ukoka kwa kukosa wa kukigonga. Bwana Bakilana, mkurugenzi wa Ofisi ya Barabara za Milima, akaja mwenyewe na viatu vya mjini, akasimama juu ya tawi la rangi, akaligusa kwa ncha ya kiatu kama anahofu litamchoma. "Injinia," akasema, "hili tunalipeleka kila mlima nchini. Kila kona mbaya iote matawi." Wakapanga siku ya kutia sahihi mkataba. Nankondo akashona gauni.

Nilikuwa nimemuuliza mapema, maana nilikuwa najifunza: kwa nini wasiyazoee matawi kama walivyozoea michirizi? Akanijibu kwamba mchirizi ukiuzoea unaupuuza, lakini tawi huwezi kulipuuza, kwa sababu huenda la leo ni la kweli. Nikaona jibu zuri. Nikaliandika mpaka kwenye simu.

Lakini kwenye kioo cha ubongo-kona mwendo ulikuwa umeanza kupanda. Kidogo tu. Wiki hii kidogo, ijayo kidogo. Bado ulikuwa salama kabisa, kwa hiyo tulisema ni ukungu, ni msimu wa plamu, watu wana haraka. Na vijana wakawa wameyapa jina. Wakiyaona wanasema kwenye redio, "Matawi ya Nankondo haya, tuko Kwembalazi." Da' Nankondo alikuwa anasikia jina lake na kutabasamu. Ningekuwa mimi pia ningetabasamu.

Halafu ikaja asubuhi ile ya ukungu.

Tutafika ilifia kona ya chini ya yetu, pale ambapo jicho-kona letu halifiki na redio-mlima haishiki kwa sababu ya korongo. Mota ilizima tu. Mzee akafanya alichofanya maisha yake yote: akachukua panga, akakata mkaratusi, akapanga matawi kutoka mbali kuja kwake, akarudi nyuma ya lori kukaza turubai wakati akisubiri mtu.

Mtu aliyekuja alikuwa Hozza. Hozza ni dereva wa waridi, kijana mpole, anaongea na maua yake njiani. Akapita kona yetu, rangi ikamchorea matawi, akapunguza kidogo, akanipungia mkono dirishani. Nikampungia. Akaingia kwenye ukungu.

Kisha tukasikia kishindo.

Sijui tulishukaje. Nakumbuka Nankondo kiatu kimoja kimemtoka na hakurudi kukichukua. Nakumbuka kabichi zinabingirika mbele yetu kuelekea bondeni, moja baada ya nyingine, kwa utulivu, kama zimeitwa. Lami nzima ilikuwa waridi. Pua ya gari la Hozza ilikuwa imeingia tumboni mwa Tutafika, pale hasa ambapo mtu angesimama kukaza turubai.

"Baba!" Nankondo akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. "Baba!"

Iliyojibu ni betri ikipiga mluzi tu.

Halafu kutoka mtaroni: "Kabla hamjaanza kulia, mtu anitoe humu. Kuna upupu!"

Alikuwa ameruka. Aliliona gari halipunguzi, akaruka. Mkono wa kushoto ulikuwa umevunjika, umekaa vibaya, na shingo yote imevimba kwa upupu, lakini alikuwa anatukana, na matusi yake siku hiyo yalikuwa matamu kuliko kaswida. Nankondo akajitupa mtaroni naye. Wakawa wawili wanajikuna.

Hozza alikuwa ameketi katikati ya barabara. Hakuumia. Mkononi alikuwa ameshika tawi moja, analigeuza, analipapasa jani kwa jani. Nilipomfikia akaniangalia, akamwangalia Nankondo aliyekuwa anatoka mtaroni amemshikilia baba yake.

"Lina majani," akasema. "Da' Nankondo, hili lina majani ya kweli." Akamnyooshea. "Mimi nilidhani ni yako."

Nankondo alisimama pale na mguu mmoja peku, akayatazama matawi ya baba yake yaliyopondwa na magurudumu, yale yote, kutoka la kwanza la mbali mpaka la mwisho. Hozza alikuwa ameyakanyaga yote bila kugusa breki.

Mkono ukafungwa hospitali, jioni ya pili mzee akarudi nyumbani. Nilidhani kutakuwa na vilio. Nikakuta ugomvi, tena mkali, na wewe ungeshangaa nani alikuwa upande gani.

"Nayafuta," Nankondo alikuwa anasema.

"Huyafuti!" Mzee amekaa kwenye kochi, mkono umening'inizwa kwenye khanga ya mkewe yenye maua. "Unafuta kitu kilichookoa watu kwa sababu ya mkono wa mzee mmoja? Mkono wenyewe wa kushoto! Nala nao nini?"

"Baba, Hozza aliyaona matawi yako. Hakusinzia. Aliyaona."

"Hozza ana akili za maua. Wengine watajifunza kutofautisha."

"Watofautishe vipi? Mimi mwenyewe niliifundisha ile rangi umande! Nilikesha—" akashusha sauti. "Nilifanya kila kitu yasitofautike."

Mzee akaanza upya, sasa kwa kubembeleza. Ndipo nikaelewa kwamba hakuwa anatetea rangi. Alikuwa anamtetea binti yake. "Mama," akasema, maana humwita hivyo akitaka kitu, "nimewaambia watu wote. Mpaka wa Korogwe wanajua. Yule Bakilana anakuja kesho na kalamu. Umeshona gauni. Wacha yakae hapa na pale. Mimi nitapona."

"Ukikwama tena utaweka nini barabarani?"

"Matawi."

"Hozza aliyapita."

"Basi nitaweka mama yako, amevaa kofia nyekundu."

"Niweke," mama akasema kutoka jikoni, "uone kama nitakuambia gari linakuja."

Tukacheka wote, hata Nankondo, lakini yeye kicheko kilimgeukia katikati. Akaja akapiga magoti mbele ya kochi, akaushika ule mkono mzima wa baba yake.

"Baba, ulipokuwa unanipeleka shule ndani ya Tutafika, ukiona tawi ulikuwa unasimamisha hata kama tumechelewa. Nilikuwa nakasirika. Uliniambia yule aliyelikata anakuita, na hana njia nyingine ya kukuita. Mimi nimewaita watu kila siku, kila gari, kwa sauti yako, na wakija hakuna mtu. Nikikubali, Bakilana atawaita nchi nzima hivyohivyo. Halafu siku mtu akikwama kweli kwenye mlima wowote, akate tawi, aliweke, asimame nyuma ya gari lake akiamini limesema kitu."

Mzee akajikuna shingo, upupu ulikuwa haujaisha.

"Na ile kona?" akauliza. "Ukifuta, ile kona utaiachia watu iwadanganye?"

"Hapana. Nina kitu nataka kujaribu. Sina hakika nacho."

"Basi twende."

"Wewe unaenda wapi na mkono huo?"

"Kwani rangi inafutwa kwa mkono wangu? Mke wangu, kofia yangu!"

Tukaenda wote wanne, jua bado liko juu ya milima ya Mkuzi. Nankondo akakaa mbele ya ubongo-kona. Nilidhani ataomba dakika, atasema neno. Akabonyeza tu. Kule nje, tawi moja moja likafifia, kijani ikawa kijivu, kijivu ikawa lami, kona ikabaki tupu. Mama Nankondo akasema, "Lo, yalikuwa mazuri lakini," na hakuna aliyembishia.

Halafu akachora alichokuwa nacho. Mstari mmoja, ukingoni kwa ndani, mweupe. Ukisimama karibu unaonekana umepinda ajabu, mnene hapa, mwembamba pale. Lakini ukiinama mpaka kimo cha macho ya dereva, mviringo unasimama mbele yako wote, pamoja na pale unapokaza. Mstari huo haumwambii mtu kwamba anakimbia kuliko anavyokimbia, wala kwamba kuna aliyekwama. Unamwonyesha kona ilivyo, basi. Mzee akachuchumaa kwa shida, akafumba jicho moja.

"Kumbe inakaza namna hii?" akasema. Akabaki pale amechuchumaa. "Miaka yote hii nilikuwa napita wapi?"

Nankondo akaniambia pembeni kwamba hajui mstari huo utafanyaje kazi. Huenda wakapunguza wiki mbili halafu wakauzoea kama michirizi. Huenda wasipunguze kabisa. Na matawi ya kweli nayo hayataaminika mara moja, kwa sababu rangi unaweza kuifuta kwa kidole, lakini Hozza na wenzake wamefundishwa na miguu yao, na mguu hauna kitufe.

Hapo ndipo Mzee akaomba kipaza sauti cha redio-mlima. Pale juu kibandani inashika mlima mzima. Akakohoa, akakishika kwa mkono wake mmoja kama ameshika kuku.

"Madereva wa mlima, habari za jioni. Ni mimi, Tutafika. Mkono umevunjika, mdomo mzima, kwa hiyo nisikilizeni. Yale matawi ya rangi ya mwanangu, niliyowasumbua nayo vijiweni, yamefutwa. Kayafuta mwenyewe. Kuanzia sasa hivi, popote mlimani, ukiona tawi, kuna mtu. Narudia. Ukiona tawi, kuna mtu."

Redio ikakoroma. Sauti moja ikadandia, "Sasa Mzee Kabichi, na kona tutaijuaje?"

"Shusha macho utazame mstari! Na mguu unao, mama yako hakukunyima."

Vicheko. Halafu sauti nyingine, ya chini, ya mtu aliyekuwa ameogopa kubonyeza: "Ni Hozza hapa. Nimesikia, Mzee. Ukiona tawi, kuna mtu." Kabla hajamaliza mwingine akaingia kutoka Soni, akayasema maneno yaleyale. Mwingine yuko Mombo ndiyo kwanza ameamshwa na gari lake, hajui hata tunaongea nini, naye akasema. Wakafuatana hivyo, sauti juu ya sauti, wengine kwa utani, wengine kwa Kishambaa, na Nankondo amevua miwani, anaifuta kwa sketi, anaivaa, anaivua tena. Mzee akamwekea kipaza sauti mapajani bila kumwangalia.

"Wamekusikia," akamwambia. "Usiwachoree kingine mpaka waujue huo mstari."

Sasa mimi nimekuja mbio kukupa hayo, nina njaa na nywele zangu zimejaa ukungu, lakini yenyewe hasa haijatokea bado. Kesho ni siku ya soko, malori yote ya kabichi yanateremka, na wote watakuta mstari mweupe ambao hakuna aliyewahi kuuona. Bakilana naye anakuja na kalamu yake kutia sahihi matawi ambayo hayapo, na da' Nankondo anasema gauni atalivaa vilevile. Nitakuwa kibandani tangu ukungu haujainuka. Wewe nipikie chai jioni, usifunge mlango. Nikitoka pale sipitii kwetu wala sivui viatu, nakuja moja kwa moja kukuambia kama wamepunguza.